Kupima athari za VVU kwenye ubongo kwa MRI ya Tesla 1.5: nibakize vipimo vipi, na nilinganishe na nani?

msomi_wa_neva (mleta mada)

Wakuu, habari za kazi. Naandaa protokali ya utafiti, na kabla haijaenda kamati ya maadili naomba wenye uzoefu na picha za ubongo waipitie kwa jicho kali.

Swali lenyewe ni hili: mtu mzima anaishi na VVU, ametumia dawa si chini ya miaka 3, na virusi kwenye damu viko chini ya nakala 50 kwa mililita. Je, ubongo wake bado una mchochota unaopimika? Na kama upo, unaendana na kasi yake ya kufikiri na kumbukumbu yake?

Mashine ni MRI ya Tesla 1.5 (ndiyo nguvu ya sumaku) yenye koili ya kichwa, yaani antena ya kupokea ishara, ya chaneli 8. Nimepewa dakika 45 kwa kila mshiriki. Bajeti inatosha watu 100, nimepanga 60 wenye VVU na 40 wasio nao. Wenye VVU wote wanatumia TLD (kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir). PET (picha za dawa ya mionzi) sina. Sikwensi (aina za picha) nilizoandika ni T1 (umbo la ubongo), FLAIR (madoa na vidonda), DTI (nyuzi za maada nyeupe), spektroskopia (kemikali za ubongo), fMRI ya mapumziko (kazi ya ubongo mtu akiwa ametulia), mtiririko wa damu kwa ASL, na gadolinia (dawa ya kontrasti) mwishoni. Kwa upande wa akili nimeandika IHDS peke yake, kipimo kifupi cha kuchuja matatizo ya akili yanayotokana na VVU.

Nikate nini, nibakize nini, na mtego mkubwa uko wapi? Kundi la kulinganishia nilifikiria kuwachukua wafanyakazi wa hospitali kwa sababu wako karibu.

---

FundiSumaku

Mleta mada, hiyo ni kazi ya saa moja na nusu na wewe una dakika 45. Anza kwa kukata.

Gadolinia iondoe kabisa. Kontrasti inakuonyesha mahali ambapo kizuizi kati ya damu na ubongo kimebomoka. Mchochota unaoutafuta wewe ni wa chinichini, haubomoi kizuizi kiasi cha kung'aa kwenye picha. Halafu kuna figo: dozi ya kawaida ni milimoli 0.1 kwa kilo, yaani mtu wa kilo 60 anachomwa mililita 12 za dawa yenye nguvu ya molari 0.5, na washiriki wako wote wako kwenye tenofovir, ambayo yenyewe inaweza kugusa figo. Utalazimika kupima utendaji wa figo wa kila mtu kwa ajili ya picha isiyojibu swali lako. Iache kwa yule ambaye FLAIR imeonyesha kitu cha kutilia shaka. Hapo inakuwa ni matibabu yake, inaagizwa na daktari wake.

ASL nayo iache. Ishara yake ni kama asilimia 1 tu ya ishara ya ubongo, na kwenye Tesla 1.5 alama inayowekwa kwenye damu inafifia haraka kuliko kwenye Tesla 3. Kwa koili ya chaneli 8 utapata chengachenga. fMRI ya mapumziko inataka dakika 8 hadi 10 na mshiriki aliyetulia, wakati kwenye ratiba yako mtu atakuwa amekwishachoka.

Ukibaki na T1, spektroskopia, FLAIR na DTI unaingia kwenye dakika 35 hadi 40 ukihesabu kumlaza mtu na kupanga. Na mpangilio uwe huohuo nilioutaja, usibadilishe. T1 inatangulia kwa sababu ndiyo utakayoitumia kuweka boksi la spektroskopia. DTI iwe ya mwisho kwa sababu inaendesha gradienti kwa nguvu. Vyuma vya ndani ya mashine vinapata joto, uga wa sumaku unahama kidogo kidogo, na masafa ya maji yanateleza. Ukipima spektra mara tu baada ya DTI, vilele vinapanuka na uzimaji wa maji unakosa shabaha. Wengi wanalaumu mshiriki kuwa alisogea, kumbe ni joto la mashine.

Vipimo vya kuanzia:

T1 ya pande tatu, vokseli (kijiboksi kidogo kabisa cha picha) ya milimita 1 kila upande au 1 × 1 × 1.2, kama dakika 6. Ikimalizika tu, ifungue kwenye skrini kabla ya kuendelea. Angalia paji la uso na ukingo wa gamba la ubongo: ukiona mistari inayojirudia kama mawimbi ya bwawani, mtu amesogea. Rudia palepale. Kumwita wiki ijayo ni ghali kuliko dakika 6.

FLAIR ya pande tatu ikiwa mashine inayo, la sivyo vipande vya milimita 3 visivyo na nafasi kati yake.

DTI: vokseli ya milimita 2.5, b (nguvu ya kupima msogeo wa maji) ya 1000, mielekeo 30, picha 5 zisizo na b, kisha jozi moja ya picha zisizo na b iliyopigwa kwa mwelekeo uliogeuzwa, nyuma kwenda mbele. Hiyo jozi inachukua chini ya dakika moja na watu wengi wanaisahau. Bila hiyo, sehemu ya mbele ya ubongo juu ya matundu ya pua inabaki imenyongwa na huwezi kuinyoosha vizuri baadaye.

Fantomu (chombo cha majaribio cha kukagua mashine) ipigwe kila wiki, siku ileile, sikwensi zilezile. Mwandikie mkuu wa kitengo barua kuwa programu ya mashine isiboreshwe hadi mshiriki wa 100 atoke. Umeme ukikatika na mtambo wa kupoza ukasimama, usipige siku hiyo hata kama mashine imewaka tena; subiri fantomu ya kesho yake ikuambie mambo yamerudi sawa.

---

Bi_Spektra

Nakazia alichosema FundiSumaku kuhusu joto, na niongeze kwa nini spektroskopia ndiyo moyo wa swali hili.

Virusi haviingii ndani ya niuroni. Vinaingia kwenye ubongo vikiwa vimebebwa na seli nyeupe za damu, vinakaa kwenye makrofeji za pembeni mwa mishipa na kwenye mikroglia (seli za kinga za ubongo), na niuroni zinaumizwa na sumu za seli hizo pamoja na protini za virusi kama gp120 na Tat. Hilo linaanza mapema mno: utafiti wa Thailand kwa watu walioambukizwa siku chache tu nyuma ulikuta VVU kwenye maji ya uti wa mgongo siku ya 8 baada ya makadirio ya maambukizi, na kolini ilikuwa imepanda kwenye basali ganglia (viini vya kijivu vilivyo ndani kabisa ya ubongo) wakati huohuo. T1 ya watu wa namna hiyo inaweza kuonekana safi kabisa. Kusinyaa kwa ubongo ni kovu, linakuja baadaye, na kwa mtu ambaye virusi vimefubaa huwezi kujua kovu hilo ni la mwaka jana au la kabla hajaanza dawa. Kemia ndiyo inayokuonyesha moto uliopo leo.

Spektra inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kwenye 2.02 ppm (kipimo cha nafasi ya kilele) kuna NAA, kilele kirefu kuliko vyote, ni alama ya niuroni zilizo hai. Kwenye 3.03 ni kreatini, mambo ya nishati. Kwenye 3.2, kimeegemeana na kreatini, ni kolini, inayopanda utando wa seli unapojengwa na kubomolewa kwa wingi. Kwenye 3.56 kuna kilele kifupi ambacho ndicho wewe unakitafuta: myo-inositoli, iliyojaa zaidi kwenye seli za glia. Sura inayoelezwa mara kwa mara kwa wenye VVU ni myo-inositoli na kolini kupanda kwenye maada nyeupe ya mbele na basali ganglia, na NAA kushuka kwa wale ambao akili imeanza kuathirika.

Sasa mtego wa kwanza. Mashine nyingi za hospitali zimewekwa tayari TE (muda wa kusubiri mwangwi wa ishara, kwa milisekunde) ya 135 au 144 kwa sababu spektroskopia inatumika kwa uvimbe wa saratani. Kwa TE hiyo myo-inositoli inapotea. Radiografa akibonyeza kitufe alichozoea, utafiti wako umekufa na hakuna atakayejua hadi uchambuzi. Andika kwenye protokali na kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: PRESS (aina ya sikwensi ya spektroskopia), TE 30, TR (muda kati ya vipimo viwili) 2000, wastani wa mara 128. Hiyo ni dakika 4 na sekunde 16 kwa boksi moja. Ongeza kipimo kifupi bila kuzima maji, mara 8 hadi 16, boksi likiwa palepale. Ndiyo rula yako ya kupata viwango halisi.

Boksi liwe sentimita 2 × 2 × 2, yaani mililita 8. La kwanza liwe maada nyeupe ya mbele, la pili basali ganglia. Boksi la mbele lisisogelee fuvu chini ya sentimita 1, na weka mikanda ya kuzima ishara pande zote sita. Likigusa mafuta ya fuvu, utaona mlima kati ya 0.9 na 1.3 ppm unaomwagika hadi kwenye NAA na kuipindisha. Basali ganglia ni ngumu zaidi kwa sababu ya chuma kilichomo, vilele vyake ni vipana kwa asili. Usitegemee usafi ule wa maada nyeupe. Mtu mmoja ndiye aweke maboksi kwa washiriki wote, na picha ya boksi katika pande tatu ihifadhiwe kwa kila mtu. Kabla ya kumweka mshiriki wa 40 anafungua picha ya mshiriki wa 1.

Upana wa kilele: ukizidi 0.1 ppm, ambayo kwenye Tesla 1.5 ni karibu Hz 6.4, sawazisha uga upya. Usiseme "itarekebishwa kwenye kompyuta", haitarekebishwa.

Mtego wa pili ni maji ya ubongo ndani ya boksi, na huu unadanganya hata waliosoma. Ubongo ukisinyaa, boksi lilelile linabeba maji mengi zaidi, na maji hayana NAA. Chukulia umepata NAA 7.0 na asilimia 15 ya boksi ni maji: kipimo cha tishu yenyewe ni 7.0 gawanya kwa 0.85, yaani 8.2. Usiposahihisha utaandika kuwa niuroni zimekufa, kumbe umepima ukubwa wa ventrikali (vyumba vya maji ndani ya ubongo). Gawanya T1 kwa maada nyeupe, ya kijivu na maji, kisha chukua sehemu iliyoangukia kwenye boksi. Na usikimbilie uwiano na kreatini kama njia ya mkato. Kreatini nayo inaweza kubadilika kwa ugonjwa, na hapo uwiano unapanda au kushuka bila wewe kujua nani kasogea, wa juu au wa chini. Toa viwango kwa rula ya maji, uwiano uuweke kando kama nyongeza.

Jambo la mwisho. Programu ya LCModel, inayochambua spektra, itakupa asilimia ya makosa kwa kila kemikali, na watu wamezoea kutupa kila kilichozidi 20. Fikiri: mwenye myo-inositoli ndogo ndiye mwenye asilimia kubwa ya makosa. Ukimtupa, umewatupa wazima na kubakiza wenye mchochota. Tupa spektra kwa upana wa kilele na kwa kelele, bila kujua mtu ni wa kundi gani.

---

dkt_mishipa

Dada Bi_Spektra amemaliza upande wa kemia. Mimi nazungumzia nani aingie kwenye mashine, maana hapo ndipo tafiti nyingi za eneo letu zinapovuja.

Kwanza, historia ya kinga. Kiwango cha chini kabisa cha CD4 (seli za kinga) ambacho mtu aliwahi kushuka kinaeleza hali ya ubongo wake kuliko CD4 ya leo. Hakipo kwenye kadi ya mgonjwa mara nyingi, kitafute kwenye faili la CTC2 la kliniki ya VVU. Walioanza dawa baada ya 2016, pale ilipokuja sera ya kupima na kuanza dawa, wengine hawana CD4 ya mwanzo kabisa. Hilo liandike kama pengo na usijaze kwa kukisia.

Pili, dawa za zamani. Unasema wote wako TLD, lakini uhamaji mkubwa kwenda TLD Tanzania umekuja tangu 2019. Kabla yake wengi walikuwa kwenye efavirenz, ambayo inaleta ndoto mbaya, kizunguzungu, na kwa wengine uzito wa kufikiri. Watu wengi wa Afrika wana aina ya jeni CYP2B6 inayovunja efavirenz polepole, kwa hiyo dawa ilikaa kwa wingi kwenye damu yao. Andika miezi mingapi kwenye efavirenz, tarehe ya kubadilisha, na usimpige picha mtu kabla ya miezi 6 kupita tangu abadilishe. Dolutegravir nayo inaweza kuleta kukosa usingizi. Uliza amelala saa ngapi usiku wa jana, ni swali la sekunde 5 na linaokoa vipimo vya umakini.

Tatu, magonjwa mengine ya ubongo. FLAIR isomwe na radiolojia ndani ya saa 48, kabla ya uchambuzi wowote. Athari ya VVU yenyewe kwenye maada nyeupe inaelekea kuwa ya pande zote mbili kwa ulinganifu, kandokando ya ventrikali, haivimbi wala kusukuma, na inaacha nyuzi zile za chini kabisa ya gamba. PML (ugonjwa wa ubongo unaoletwa na virusi vya JC) inafanya kinyume: imeegemea upande mmoja zaidi na inakula nyuzi hizohizo za chini ya gamba. Toksoplasmosisi inapenda basali ganglia na mpaka wa gamba na maada nyeupe, ina uvimbe unaosukuma. Kriptokokasi inatanua nafasi za pembeni mwa mishipa ya basali ganglia, unaona vitundu kama mapovu ya sabuni. Kifua kikuu kinakaa chini ya ubongo na kinaziba njia za maji. Na kwa washiriki kutoka sehemu za ufugaji wa nguruwe, kama nyanda za juu kusini au Mbulu, tegemea vichembe vya minyoo ya tegu vilivyokauka ubongoni. Vikiwa na chokaa, CT ndiyo inayoviona vizuri kuliko MRI.

Aliyewahi kupata mojawapo ya hayo asiingie kwenye kundi kuu, hata kama alipona. Vivyo hivyo aliyewahi kupoteza fahamu zaidi ya nusu saa kwa ajali ya bodaboda, mwenye kifafa, mwenye kaswende isiyotibiwa. Shinikizo la damu na kisukari usiwatoe, utabaki bila watu, ila pima na uandike, kwa sababu madoa meupe ya FLAIR kwa mtu wa miaka 50 mara nyingi ni ya presha.

Nne, vipimo vya akili. Naona umeandika IHDS peke yake. Hiyo ni chujio tu. Mtu anagonga vidole kwa sekunde 5, anafuatanisha ngumi, kiganja na ubavu wa mkono kwa sekunde 10, kisha anakumbuka maneno manne: mbwa, kofia, maharage, nyekundu. Jumla ni 12, na 10 kushuka chini inaashiria uchunguzi zaidi. Ilitengenezwa kwa kupima Marekani na Uganda, inafaa kliniki, lakini inakamata hali nzito, na virusi vya watu wako vimefubaa, shida yao kama ipo ni nyepesi. Unahitaji angalau maeneo matano: kasi, umakini, kumbukumbu ya maneno, kupanga mambo, na wepesi wa mikono. Alama zilinganishwe na watu wa hapa wenye umri na elimu ileile, siyo na majedwali ya Marekani. Mtu wa darasa la saba akipimwa kwa jedwali la wahitimu wa chuo ataitwa mgonjwa na hana ugonjwa.

Hapohapo, vigezo vya Frascati vya 2007 vinamwita mtu ameathirika akishuka kipimo kimoja cha mtawanyiko (SD) chini ya wastani kwenye maeneo mawili, hata kama nyumbani na kazini hana tatizo. Watu wengi wasio na VVU wanaangukia humo. Mapendekezo ya kimataifa ya 2023 yanataka kutenganisha alama ndogo za vipimo na jeraha la ubongo linalotokana na VVU. Tumia alama zenyewe kama namba mfululizo, uachane na kugawa watu kuwa wagonjwa na wazima.

Kuhusu wafanyakazi wa hospitali: hapana, tafadhali. Wana elimu zaidi, wanakula tofauti, wamezoea mashine.

---

msomi_wa_neva

Asanteni sana wakuu, daftari limejaa. Dkt, nimeelewa kuhusu wafanyakazi. Je, wenza wao wasio na VVU na majirani kutoka mitaa ileile watafaa? Na kuna hospitali ya pili yenye Tesla 3 iko tayari kunipa nafasi 20 bure. Je, nizitumie kuwapiga wale 20 wa mwisho wa kundi la kulinganishia ili nipunguze foleni? Pia kuna mwenzetu ananishawishi nitafute PET ya TSPO (protini inayotumika kama alama ya mchochota).

---

HesabuKwanza

Wenza na majirani ndio hasa. Wapimwe VVU siku ya picha, siyo kwa maneno. Umri usizidiane zaidi ya miaka 5 kati ya makundi, elimu kwa ngazi, jinsia kwa uwiano uleule. Pombe ipimwe kwa AUDIT, maswali 10. Huzuni kwa PHQ-9, maswali 9. Pombe peke yake inasinyaza ubongo na kupunguza mpangilio wa nyuzi nyeupe, yaani inaiga kila kitu unachotaka kukihusisha na VVU.

Tesla 3 kwa kundi la kulinganishia pekee: usifanye hivyo kwa hali yoyote. Ukiwapiga wenye VVU wote kwenye mashine A na nusu ya wasio nao kwenye mashine B, tofauti ya mashine na tofauti ya ugonjwa zinachanganyika na ni vigumu kuzitenganisha. Njia za kusawazisha data za mashine tofauti, kama ComBat, zinafanya kazi vizuri makundi yote mawili yakiwepo kwenye kila mashine. Kanuni hiyohiyo inahusu kalenda. Usimalize wagonjwa 60 mwezi wa tatu halafu uanze wengine mwezi wa sita. Changanya kila wiki: watatu wa huku, wawili wa kule.

Ukubwa wa sampuli. Kwa 60 na 40, nguvu ya asilimia 80 na kikomo cha 0.05, tofauti ndogo kabisa unayoweza kuikamata ni karibu 0.57 ya mtawanyiko (SD). Ukipoteza asilimia 10 kwa kusogea na spektra mbovu, unabaki na 54 na 36, na tofauti hiyo inapanda hadi 0.60. Tofauti ya 0.3 ingekutaka watu kama 175 kila upande. Kwa hiyo chagua kipimo kimoja kikuu kabla ya kuanza: myo-inositoli ya maada nyeupe ya mbele. Kiandike kwenye protokali kwa jina. Vingine vyote viwe vya kuongezea.

Sababu ni hii. FreeSurfer (programu ya kupima ubongo kutoka T1) inakupa maeneo 68 ya gamba, 34 kila upande. Ukiyapima yote kwa 0.05 bila tofauti yoyote ya kweli, matatu au manne yatatoka "yenye maana" kwa bahati tu, na mtu ataandika makala nzima juu ya bahati hiyo. Sahihisha kwa Benjamini-Hochberg (njia ya kudhibiti matokeo ya bahati), na ujazo wowote uusahihishe kwa ukubwa wa fuvu, la sivyo umepima wanaume na wanawake.

DTI nayo ina hila yake. Anayesogea anapata FA (kipimo cha mpangilio wa nyuzi) ndogo isiyo ya kweli. Wagonjwa wakisogea zaidi kuliko wengine, hata kwa nusu milimita, utapata "uharibifu wa nyuzi" uliotengenezwa na shingo. Toa wastani wa msogeo kwa kila mtu kutoka programu ya eddy, linganisha makundi kwa msogeo kwanza, kisha uuingize kwenye modeli.

Muda wa kompyuta: FreeSurfer inakula kama saa 8 kwa mtu. Watu 100 ni saa 800. Kwa mashine yenye kumbukumbu ya GB 32 ukiendesha sita kwa pamoja ni siku tano na nusu mfululizo, kwa hiyo nunua betri ya akiba ya umeme kabla ya kununua diski.

---

Bi_Spektra

Kuhusu PET: TSPO inavutia kwa sababu inapanda pale mikroglia zinapoamka, lakini inapanda kwa astrosaiti pia. Tracer (dawa za mionzi anazochomwa mshiriki) zinazotumika mara nyingi zina kaboni-11, yenye nusu-maisha ya dakika 20.4, saa moja baada ya kutengenezwa imebaki asilimia 13 tu. Lazima saiklotroni, mtambo wa kutengeneza kaboni hiyo, iwe kwenye jengo lilelile au la jirani. Na tracer za kizazi cha pili, kama PBR28, zinashika kwa nguvu tofauti kulingana na jeni rs6971, hivyo kila mshiriki apimwe jeni kwanza. Kwa bajeti ya watu 100 wa MRI hiyo ni ndoto ya mradi mwingine. Pesa hizo chukua damu ya kila mtu siku ya picha, ugandishe plazma kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, uje upime neurofilamenti nyepesi. Ni alama ya nyuzi za niuroni zinazovunjika, na itakusaidia kuisoma NAA.

---

FundiSumaku

Mawili ya chumba cha mashine ambayo protokali yako haijayagusa.

Maandalizi ya mshiriki. Fomu ya usalama inauliza betri ya moyo na vyuma vya mifupa, hiyo sawa. Ongeza maswali ya hapa kwetu: shanga za kiunoni zenye chuma au waya, hirizi iliyoshonwa na kipande cha bati, sindano zilizosahaulika kwenye weaving, klipu za wigi. Wanawake waulizwe faraghani, na mhudumu wa kike. Rasta nene zinazuia kichwa kukaa vizuri kwenye koili, kichwa kinaelea na kinasogea. Mwambie siku ya kupanga miadi aje na nywele zilizolala, usisubiri afike mlangoni. Weka sifongo pande zote za kichwa na mto chini ya magoti, na mwambie kabla ya kila sikwensi itachukua dakika ngapi. Mtu anayejua zimebaki dakika 4 anavumilia.

Siri. Jina la kipimo kwenye mashine lisiwe na neno VVU wala kifupi chake. Linaonekana kwenye orodha ya kazi ya siku, kwenye CD, na kwa kila anayepita nyuma ya kiti cha radiografa. Tumia namba tupu, bila herufi zinazotofautisha makundi, na radiografa asijue nani ni wa kundi gani. Faili za DICOM (muundo wa picha za hospitali) zina jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya hospitali ndani yake hata ukibadilisha jina la folda. Futa kwa programu, halafu fungua faili moja moja kwa sampuli uhakikishe. T1 inabeba uso wa mtu, unaweza kuujenga upya na akatambulika. Kabla ya kuituma nje ya kituo, ondoa uso, lakini FreeSurfer iendeshe kwenye picha ya asili hukohuko ndani, maana uondoaji mbaya unakata paji na gamba la mbele. Data ikivuka mpaka utahitaji makubaliano ya kuhamisha data yaliyopitishwa na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu).

Na fomu ya ridhaa iseme wazi: ikionekana kitu kisichotarajiwa, nani atampigia mshiriki simu, ndani ya siku ngapi, kliniki ipi itampokea, na nani analipa CT au kontrasti inayofuata. Kati ya watu wazima 100, tegemea kukutana nacho. Andika namba ya simu ya daktari aliyekubali, siyo jina la idara.